Gari Haliwezi

Sisi wenye magari madogo tuna maneno mawili tunayoyapenda kuliko tunavyokubali, nayo ni "gari haliwezi". Mtu akikuomba umbebee magunia sita ya mahindi kutoka shambani, unamwambia gari haliwezi. Akikuomba ukamchukue bibi yake mgonjwa ng'ambo ya korongo, na mvua imenyesha siku tatu mfululizo, unamjibu vile vile, wala huna haja ya kuona haya, maana ni kweli. Hapo hapana ugomvi. Hakuna ndugu aliyemnyima ndugu yake. Aliyekataa ni gari, na gari halina moyo wala halina ukoo, na kila mmoja anakwenda zake kwa amani.

Ninachotaka kufikiri hapa ni kile kinachotokea siku mtu anapolitengeneza gari lake hata likaweza. Wanaozungumzia kazi hii huzungumzia spea na fedha. Nami nitazitaja, kwa sababu zina manufaa kwa mtu mwenye kipato kidogo, na kwa sababu naona raha kuzitaja. Lakini ipo gharama nyingine ambayo fundi haiandiki kwenye karatasi yake, na hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Ninakaa Njiro, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Arusha. Mgeni akifika huku leo ataona lami, maduka, nyumba za ghorofa, Chuo cha Uhasibu na majengo ya ESAMI, naye ataamini kwamba mtu wa Njiro hana sababu ya kujua habari za matope. Kwa wengi ni kweli. Lakini ukizidi kuteremka kuelekea Mlangarini lami inakuaga, na kuanzia hapo safari inategemea mwezi. Mwezi wa Septemba unakula vumbi. Mwezi wa Aprili unatembea kwa miguu, viatu mkononi. Huko ndiko tuliko na ekari tatu za mahindi na maharage, na ndiko wanakoishi ndugu wa upande wa mke wangu. Nilipostaafu ualimu nilinunua Suzuki SJ413 ya mwaka 1988, yenye paa la turubai, kwa mtu aliyekuwa akihamia Dodoma. Bei ilikuwa ndogo kwa kuwa mwenyewe alikuwa amelichoka gari, na ukilitazama bodi, gari nalo lilikuwa limemchoka.

Gari hili lina ukoo wa kimaskini, nami nalipenda kwa hilo. La kwanza la aina yake lililotolewa na Suzuki lilikuwa LJ10 ya mwaka 1970, yenye injini ya sentimita za ujazo 359, yaani injini ambayo leo ungetegemea kuikuta kwenye pikipiki. Mwaka 1981 ikaja SJ410, na mwaka 1984 ikafuata SJ413 yenye injini kubwa kidogo, sentimita za ujazo 1,324. Uzito wake haufiki tani moja. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita mbili na kidogo. Springi zake ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama za lori, kwa hiyo fundi yeyote aliyewahi kulala chini ya lori anaielewa. Mahali ambapo Land Rover inazama kwa uzito wake wenyewe, Suzuki hupita juu juu kama kuku kwenye majani.

Fedha niliyotenga ilikuwa shilingi 1,500,000. Fundi wangu yuko Unga Limited, mtu wa maneno machache, na siku ya kwanza aliniudhi. Mimi nilifika na habari za kuinua gari, yeye akaniuliza kuhusu kusimama. "Mzee," alisema, "kabla hatujalipeleka kusikofikika, tuhakikishe linarudi." Zaidi ya theluthi moja ya fedha yangu ikaishia kwenye mipira ya breki, bushi za springi na viungo vya usukani. Hivyo ni vitu ambavyo hakuna mtu anayevipiga picha. Kijana akikuonyesha gari lake lililoinuliwa atakuonyesha tairi na taa za juu, lakini sijaona hata mmoja aliyeniinamisha nitazame mipira yake ya breki.

Badiliko la pili lilikuwa la bure, nalo nawashauri wote. Ni kupunguza upepo. Tairi iliyojazwa sawasawa kwa ajili ya lami hugusa udongo kwa kipande kidogo tu. Ukiishusha kutoka paundi 26 hadi 15 hivi, inalala, inakuwa ndefu, na uzito ule ule unagawanyika mahali papana zaidi. Tope lililokuwa likikumeza linakubeba. Masharti ni mawili: uende polepole, na uwe na pampu ya kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, maana tairi laini kwenye mwendo mkali hupata moto na kupasuka. Pampu yangu ni ya mguu. Tairi nne ni kazi ya dakika arobaini na jasho la kutosha, na mke wangu anasema ndiyo mazoezi pekee ninayofanya.

Kisha tairi zenyewe. Watu wengi hudhani ukiinua springi umeinua gari lote. La hasha. Ukiinua springi umeinua bodi, lakini lile tumbo la difu katikati ya ekseli linabaki pale pale lilipokuwa, na ndilo linalokwama kwenye jiwe. Difu huinuliwa na tairi tu. Nilipata mitumba minne yenye meno, mikubwa kidogo kuliko ya asili. Kidogo, nasema, kwa sababu tairi kubwa hulifanya gari kuwa kama mtu mfupi aliyepewa baiskeli ndefu: kila mlima unakuwa mzito na injini ndogo inalia. Dawa ya hilo wanayo watu wa Suzuki wenyewe. Lile sanduku dogo la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma katika SJ410 lina gia nzito kuliko la SJ413, na fundi anayejua kazi hulihamisha. Tulilipata kwenye SJ410 iliyokufa, nami nilidai kupelekwa kuiona maiti yenyewe na kadi yake kabla ya kulipa. Spea ya bei ya kutupa mara nyingi ina mwenyewe anayelia mahali fulani.

Springi tuliziinua kwa inchi moja tu, kwa kurefusha vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha yake kwenye chesisi. Hesabu yake inawadanganya wengi: ukirefusha chuma kwa inchi mbili unapata inchi moja, kwa sababu ncha moja tu ya springi ndiyo iliyoshuka. Mwisho tukavuta mipira miembamba ya kupumulia kutoka kwenye difu zote mbili hadi juu karibu na injini. Difu ikiwa ya moto na ikaingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na difu huvuta maji kama mtoto avutavyo soda kwa mrija. Mpira wa bei ya soda mbili unaokoa difu ya laki kadhaa. Hapo fedha yangu ikawa imekwisha.

Sasa nieleze yale tuliyoyakataa, maana ndiyo yaliyoanza kunifikirisha. Kijana mmoja msaidizi wa fundi alipendekeza tuchomelee difu ya nyuma. Gari likipiga kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na kazi ya difu ni kuruhusu hayo mawili yaachane. Kwenye tope ruhusa hiyo inageuka kuwa balaa: gurudumu lililoko kwenye utelezi linazunguka bure na lenzake limesimama. Ukizichomelea gia za ndani, magurudumu yote mawili yanazunguka sawa daima. Gharama yake ni fimbo chache za kuchomelea. Ukitaka kulipita tope kwa fedha ndogo kabisa, hakuna njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Lakini gari hilo hilo litarudi kwenye lami. Huko, katika kila kona, tairi moja lazima iburuzwe, na gari linakataa kukata kona kama punda mwenye kinyongo. Siku ya mvua, kwenye barabara ya Njiro saa ya watu kutoka kazini, kando yako kuna bodaboda yenye abiria wawili. Basi nikajiuliza swali ambalo naona linafaa kuulizwa kwenye kila jambo linaloitwa la bei nafuu: nafuu ya nani? Ile laki kadhaa niliyoiokoa haikupotea hewani. Nilikuwa nimemkopa yule wa bodaboda bila kumwambia.

Ndivyo ilivyo pia kwa wanaoinua gari dogo kwa inchi tano na sita. Gari fupi, jembamba, ukizidi kulipandisha, linaanguka. Hili si neno la waoga. Mwaka 1988 shirika la watumiaji bidhaa la Marekani, Consumers Union, lilitangaza kwamba Suzuki Samurai, yaani hii hii SJ413 kwa jina la huko, haikubaliki kwa sababu iliweza kuinamia upande katika kukwepa ghafla. Suzuki walikanusha vikali, wakaenda mahakamani mwaka 1996, na mwaka 2004 pande mbili zikapatana nje ya hukumu. Sina ujuzi wa kusema nani alikuwa na haki. Ninachoona ni kwamba wale walikuwa wakibishana miaka kumi na sita juu ya gari jinsi lilivyotoka kiwandani, kabla ya kijana wa Unga Limited kuliongezea hata sentimita moja.

Basi gari likaweza. Nilipita Mlangarini mwezi wa Machi, tope likifika katikati ya rimu, na watoto wakanipigia makofi. Katika wiki ile ile nikapata maombi matatu. Moja la mbolea, moja la mgonjwa wa mguu, moja la jeneza. Sikuwa nimeombwa jambo lolote kwa miezi minne kabla ya hapo. Habari za gari linaloweza husafiri kwa kasi kuliko gari lenyewe. Wote waliahidi kuchangia mafuta, nanyi wasomaji mnaijua ahadi hiyo ilivyo.

Nina jirani, mtu mwema, mcha Mungu, aliyekuwa na pikapu. Kwa miaka saba alibeba watu wa mtaa huu: harusi, misiba, mitungi ya maji, vitanda vya wanafunzi. Siku moja akaiuza na kununua gari dogo la chini, la kubeba watu wanne wembamba. Alinieleza sababu bila kuficha. Alisema, "Mwalimu, sikuweza kusema hapana. Nikaona ninunue gari litakaloisema kwa niaba yangu." Nilicheka, lakini neno lile halikuniacha usingizini.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyezaliwa mwaka 1724 katika mji wa Königsberg na kufia mji huo huo mwaka 1804 bila kusafiri mbali nao, alishikilia kwamba jambo linapokuwa wajibu wako, hapana budi uwe na uwezo wa kulitenda. Haidaiwi kwa mtu asichokiweza. Ni fundisho la haki, na hata mtu asiyesoma analijua: kiwete hashitakiwi kwa kutokimbia. Lakini ligeuze upande wa pili, nalo linatisha. Kama wajibu unafuata uwezo, basi kila uwezo mpya ninaoununua unakuja na wajibu mgongoni, kama mama na mwanawe. Na je, mtu anaruhusiwa kuutupa uwezo kwa makusudi ili wajibu umwache? Jirani yangu hakudanganya mtu. Sasa kweli hawezi. Lakini kutoweza kwake alikununua dukani.

Nimelizungusha swali hili mara nyingi, na jibu langu ni hili. Mtu ana haki ya kujipunguzia uwezo, kama ana haki ya kustaafu. Miaka saba si midogo, na jamii inayomtumia mtu mwema mpaka akauza gari nayo ina la kujibu. Ila asidhani kwamba ameacha kuamua. Ameamua mara moja, mapema, kwa niaba ya watu ambao bado hawajaugua. Nami niliyelipandisha gari nimejifungia upande wa pili: nimejinyima lile jibu la amani. Tangu mwezi ule wa Machi, nikikataa, ni mimi ninayekataa.

Mpaka hapa nimesema juu ya watu wanaoomba. Lakini "gari haliwezi" lilikuwa linatulinda pia na jambo jingine, yaani sisi wenyewe. Mwezi wa Juni tulikwenda Terrat, katika nchi ya Simanjiro, mimi na mpwa wangu, kumpelekea mwanafunzi wangu wa zamani betri na paneli ya jua. Unashika njia ya Oljoro, unaacha mji nyuma, na baada ya muda unaingia kwenye tambarare ambayo macho yanachoka kabla haijaisha. Udongo wa mbuga ule ni mweusi. Ukilowa unavimba na kunata kwenye tairi hadi meno yote yanapotea, na ukikauka unapasuka na kuwa mgumu kama saruji. Njia ilikuwa imekatwakatwa na malori wakati wa mvua, mifereji ya tairi iliyokauka, gari likirushwa kama mbegu kwenye ungo. Na kando yetu, upande wa kushoto, nyasi zimesimama, laini, bila jiwe, mpaka kwenye upeo.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Alipunguza mwendo, akasema, "Mjomba, tukatie hapa. Hakuna shamba, hakuna uzio, hakuna mtu. Na hili gari sasa linaweza." Nilimwambia asimame kwanza. Kulikuwa na kijana mbali kidogo na ndama wachache, naye alipotuona tumesimama akaja, kama ilivyo desturi ya huko, maana gari lililosimama lina habari. Tukasalimiana, habari za ng'ombe, habari za watoto, habari za mvua. Kisha nikamuuliza kuhusu zile nyasi.

Akasema ile ni alalili. Ni malisho yaliyowekwa akiba kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa, yasiguswe mpaka kiangazi kikaze, wakati ng'ombe wakubwa wamepelekwa mbali na ndama hawawezi safari. "Ng'ombe wa baba yangu mwenyewe hawaingii hapo," alisema, "mpaka wazee waseme." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango ulipo. Mpwa wangu akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Ng'ombe wa mwenye ardhi wanasubiri ruhusa, na sisi tulikuwa tunajadiliana kuipita kwa sababu tumenunua tairi.

Kwa sheria jambo hili haliko gizani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na malisho ni sehemu ya ardhi hiyo. Ndani ya hifadhi za taifa, kuacha barabara ni kosa, na watu wanalijua kwa kuwa kuna askari. Ila nje ya hifadhi mtu mwenye gari zuri huliona neno "wazi" na kulisoma "huru". Mji umetufundisha kwamba kitu chenye mwenyewe kina ukuta. Simanjiro, ukuta ni makubaliano, na makubaliano hayaonekani kwenye kioo cha mbele.

Na madhara yake si nyasi zilizolala tu. Tairi moja kwenye mbuga iliyolowa huacha mfereji. Mfereji ukikauka unabaki. Mvua inayofuata inauona kama njia iliyochimbwa kwa ajili yake, maji yanakimbia humo, na baada ya misimu kadhaa pale palipopita Suzuki panakuwa korongo. Tena gari la pili halifuati alama za la kwanza, kwa sababu zimeharibika. Hupita kando. La tatu kando ya la pili. Kila aliyewahi kusafiri huku kaskazini ameona mahali ambapo barabara moja imekuwa kumi, zikikimbia pamoja kama vidonda vya mjeledi. Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya kitu kilichokanyagwa. Laetoli, upande wa Ngorongoro, mwaka 1978 zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano yaliyolowa, miaka milioni 3.6 iliyopita. Wao walikuwa wanapita tu.

Tulifuata njia mbovu hadi Terrat. Ilituchukua saa moja zaidi, na kioo kimoja cha taa kikapasuka.

Kuna usiku mmoja ambao lazima niueleze, ingawa ningependa kuuruka. Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa mno. Mwezi ule gari la shule lilisombwa na maji ya korongo hapa hapa Arusha na watoto wakapoteza maisha, na mji mzima ukawa unatembea umeinamisha kichwa. Wiki kama mbili baadaye, saa tatu usiku, nikapigiwa simu kutoka Mlangarini. Mke wa kijana mmoja wa ukoo wa mke wangu alikuwa na uchungu wa kujifungua, na kati ya nyumba yao na njia ya kwenda kituo cha afya kuna korongo.

Nilikwenda. Niliposimama ukingoni niliwasha taa zote na kuteremka na mti mrefu. Maji yalifika juu ya goti, na katikati yalikuwa ya paja. Mwezi wa Machi nilikuwa nimepita korongo lile lile, kina kile kile, maji yakiwa yamesimama. Usiku huo yalikuwa yanakimbia na kubeba matawi. Wepesi ule unaoivusha Suzuki kwenye tope ndio unaoiua kwenye maji ya mwendo: gari lisilofika tani moja, lenye tairi pana zilizojaa hewa, linaanza kuelea kabla injini haijajua kuna maji, na likielea, breki, gia na dereva havina kazi tena. Kijana alikuwa ng'ambo, anaonekana kwenye mwanga. Akapaza sauti, "Mwalimu, si ulilipandisha kwa ajili ya maji?"

Nikamjibu kwamba sivuki. Niliona midomo yake ikisema kitu ambacho sikukisikia kwa kelele za maji, na sikuomba akirudie.

Mtoto alizaliwa saa nane za usiku nyumbani, mikononi mwa mama mmoja mzee wa jirani yao. Maji yalipungua karibu na alfajiri, nikavuka, nikawapeleka wote wawili. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, akalazwa siku tatu, akapona. Naamini mpaka leo kwamba ningeingia kwenye yale maji wangenitafuta mimi asubuhi, na yule mama asingekuwa na gari la kumpeleka. Lakini ningekuwa na gari la zamani, lile kabla ya Unga Limited, ningesema maneno mawili tu na kijana angenielewa. Sasa aliniona nikiwa nimesimama kando ya gari linaloweza, taa zinawaka, injini inanguruma, nikisema hapana. Kwake yeye haikuwa gari.

Tunasalimiana. Hajawahi kuniomba gari tena.

Mpwa wangu anasema kilichokosekana usiku ule ni winchi. Bei ya winchi ya umeme iliyo nzima inakaribia bei niliyonunulia gari, na sidhani kama kamba ya chuma ingeyafanya yale maji yasimame. Wazee wa Mlangarini walikuwa na wazo jingine, la zamani kuliko Suzuki: kalavati. Kijiji kimekubali kuchanga mawe, mchanga na nguvu, saruji na utaalamu vitafutwe wilayani. Suzuki imepewa kazi ya mawe. Tumetoa viti vya nyuma, na safari moja inabeba kilo 250 hivi, nikizidisha springi zinalalamika. Kijana yule huwa miongoni mwa wapakiaji. Hupanga mawe makubwa chini karibu na ekseli, madogo juu, vizuri kuliko wengine wote, na akimaliza hupiga bodi mara mbili kwa kiganja kunijulisha niondoke. Jumamosi iliyopita tulifikisha safari ya kumi na tisa. Mtendaji wa kijiji anasema zinahitajika kama arobaini.